"Achia" si "Achana": Uhakiki wa Tafsiri ya Sura Moja ya Ufundi wa Magari

Miongoni mwa miswada iliyofikishwa mezani petu ili istilahi zake zipimwe, umo mmoja ambao tumeona hauwezi kujibiwa kwa barua ya kurasa mbili kama ilivyo desturi. Ni tafsiri ya sura moja ya kitabu cha matengenezo ya magari ya zamani, nayo inahusu klachi ambayo haitenganishi injini na giaboksi dereva anapokanyaga pedali. Gari lililotolewa mfano ni Land Rover ya Series IIA na ya Series III, yaani zile zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1961 hadi 1985. Ni gari ambalo watumishi wengi wa Serikali waliotumwa vijijini wamelipanda, na hata leo halijatoweka katika barabara zetu. Kwa hiyo tafsiri hii si mchezo wa wapenda magari tu. Wapo vijana watakaoisoma wakiwa chini ya gari.

Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyomtuma, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si ya mtu mmoja. Tumeyakuta katika miswada mingine, na baadhi yake tumewahi kuyafanya wenyewe. Tena ni haki kusema kwanza kwamba Kiswahili cha mswada huu ni kizuri. Sentensi zimenyooka, upatanisho wa sarufi hauna dosari, na mfasiri hakukimbilia kuacha maneno ya Kiingereza kama yalivyo kila alipochoka. Msomaji asiyejua gari angeupitisha bila swali. Hapo ndipo ilipo hatari, maana kosa lililovikwa lugha safi halishtukiwi upesi.

Kabla ya kuandika uhakiki huu tulipeleka nakala ya mswada katika karakana ya chuo kimoja cha ufundi, tukaomba wanafunzi waitumie kama ilivyo. Tulipofika penye jaribio la kupima klachi, mwanafunzi mmoja alikaa kwenye usukani, na mwenzake akamsomea maneno haya: "Injini ikiwa inanguruma na klachi ikiwa imeachiwa, ingiza gia ya kurudi nyuma. Gari halitakiwi kusogea." Kijana alikanyaga pedali, akaingiza gia kama alivyofunzwa, gari likatulia. Msomaji akarudia kwa sauti: "klachi ikiwa imeachiwa." Kijana akaachia. Gari lilirudi nyuma kwa kishindo, likaisukuma meza ya kazi hadi ukutani, na jiliwa lililokuwa juu yake likaanguka sakafuni. Bahati njema hapakuwa na mtu nyuma. Mwalimu alimkaripia kijana kwa kutofikiri. Sisi tuliona kwamba iliyostahili kukaripiwa ni sentensi.

1. Dhana kabla ya neno

Desturi yetu katika kupima istilahi ni kuitazama dhana kwanza, kisha neno. Basi na tuseme klachi inafanya nini.

Injini inapozunguka, huzungusha gurudumu zito la chuma lililofungwa mwisho wa shafti yake. Mbele ya gurudumu hilo kuna sahani nyembamba yenye kitambaa kigumu cha msuguano pande zote mbili, nayo imevishwa kwenye shafti iingiayo katika giaboksi. Nyuma ya sahani hiyo kuna sahani nyingine, nzito, inayosukumwa na springi. Mguu wa dereva ukiwa mbali na pedali, springi huibana sahani ya msuguano katikati, ikazunguka pamoja na gurudumu, na nguvu ya injini ikafika kwenye giaboksi na hatimaye magurudumuni. Dereva akikanyaga pedali, springi hurudishwa nyuma, na sahani ya msuguano hubaki peke yake, haikubanwa na yeyote. Upenyo unaopatikana ni mdogo mno, hautimii milimita moja kila upande, lakini unatosha. Injini huendelea kuzunguka, giaboksi hutulia, na gia huweza kuingizwa kwa amani.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mguu na sahani hutenda kinyume. Mguu unaposhuka na kubana pedali, sahani huachwa huru. Mguu unapoinuka na kuiacha pedali, sahani hubanwa. Mfasiri asiyelitambua jambo hili kabla ya kushika kalamu atakuwa anatafsiri maneno, naye hataona kitu ambacho maneno hayo yanakitaja.

2. Neno "achia" lina mwenyewe

Neno la Kiingereza lililomtatiza mfasiri ni "release". Akafungua kamusi, akakuta "achia", akaliandika kila mahali. Kwa kamusi hakukosea. Lakini neno hili limekwisha kupata mwenyewe katika barabara za Afrika Mashariki. Kila aliyefunzwa kuendesha gari la gia amesikia mwalimu wake akisema: "Kanyaga klachi, weka gia, achia taratibu." Huko ndiko neno liliko. Kuachia klachi ni kuinua mguu, na anayesema "achilia" ana maana iyo hiyo. Katika lugha ya madereva neno "klachi" lenyewe, likifuata kitenzi cha namna hii, halimaanishi mtambo ulio chini ya sakafu bali pedali iliyo chini ya unyayo.

Basi sentensi ya kitabu cha asili ilitaka sahani ziwe zimeachana, yaani mguu uwe umekanyaga. Sentensi ya mfasiri imeamuru mguu uinuke, yaani sahani zibanwe. Tafsiri imegeuza jambo kuwa kinyume chake kabisa, na hakuna neno hata moja lililokosewa kwa kipimo cha kamusi.

Kosa hili limerudiwa katika kichwa cha sura, "Klachi Isiyoachia", ambacho wanafunzi wa karakana walikifahamu kwa namna tatu. Wa kwanza alidhani ni pedali iliyonasa chini isiyopanda juu. Wa pili alidhani ni klachi inayoshika mno, isiyoteleza, akaiona ni sifa badala ya kasoro. Wa tatu peke yake ndiye aliyepata maana iliyokusudiwa, naye alikiri kwamba aliipata kwa kuutazama mchoro. Istilahi inayohitaji mchoro ili isipotoshe bado haijafanya kazi yake.

Je, tuwapokonye madereva neno lao? Hatuna uwezo huo, wala haifai kuutamani. Neno lililokwisha kukaa katika vinywa vya watu wengi namna hii halihamishwi kwa waraka. Dawa imo ndani ya lugha yenyewe, katika unyambulishaji wa kitenzi kile kile. Kitenzi "acha" kikinyambuliwa kuwa "achia" kinamtaka mtenda na mtendwa: dereva anaachia pedali. Kikinyambuliwa kuwa "achana" kinataka vitu viwili vilivyokuwa pamoja visiwe pamoja tena. Njia mbili huachana, marafiki huachana penye kona, na mume na mke wakishindwana huachana. Hicho ndicho hasa kinachotokea kati ya sahani na gurudumu. Na kinyume chake kipo tayari: "shikana". Sahani na gurudumu vinashikana; sahani na gurudumu vinaachana.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi "kuachia" kubaki mali ya mguu, na "kuachana" kuwe mali ya sahani. Mahali ambapo jina linahitajika, "mwachano" na "mshikano" yatatosha. Kichwa cha sura kitakuwa "Klachi Ambayo Sahani Zake Haziachani". Ni kirefu kuliko kile cha mwanzo, lakini hakina namna tatu za kufahamika. Na ile sentensi ya jaribio itakuwa: "Injini ikiwa inanguruma, kanyaga pedali ya klachi hadi mwisho na uishikilie hapo. Ingiza gia ya kurudi nyuma. Gari lisisogee." Tazameni kwamba katika sentensi hii hatukutumia hata "achana". Pale amri inapoelekezwa kwa mtu, ni bora kuutaja mguu na pedali, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu anavyoviamuru. Sahani hazisikii amri.

3. "Mafuta" yapi?

Kosa la pili halikuvunja meza, lakini laweza kuharibu gari lote polepole. Katika ukurasa mmoja wa mswada tumelihesabu neno "mafuta" mara kumi na moja, likiwa na maana nne: mafuta ya kuendeshea injini, oili ya injini, oili ya giaboksi, na yale mafuta mepesi yanayosukuma klachi kwa haidroliki. Kiswahili kimeridhika tangu zamani kuviita vitu hivi vyote kwa jina moja, pamoja na samli na mafuta ya nazi. Nyumbani haina madhara, kwa sababu mpishi hakosi kujua chupa yake. Karakanani mambo ni mengine.

Klachi ya Land Rover hizi huendeshwa kwa mafuta yale yale ya breki. Dereva anapokanyaga, bastola ndogo iliyo ndani ya silinda ya juu husukuma mafuta katika bomba, nayo husukuma bastola ya silinda iliyo chini karibu na giaboksi. Kinachozuia mafuta hayo yasipenye pembeni mwa bastola ni mipira midogo. Mipira hiyo imetengenezwa ivumilie mafuta ya breki; haivumilii oili ya madini. Ikiguswa na oili ya injini huvimba, hulegea, na kunasa. Basi mfasiri anapoandika, "Kama kikopo kimepungua, ongeza mafuta," amempa msomaji ruhusa ya kumimina chochote kilicho karibu. Kijana aliyefuata sentensi hiyo kwa uaminifu ataongeza oili, klachi itakufa baada ya siku chache, naye ataambiwa hakusoma vizuri.

Wala si kweli kwamba kila gari lina sheria moja. Citroën DS, nalo ni gari maarufu la zamani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 limetumia katika haidroliki yake mafuta ya madini ya rangi ya kijani, na hapo ni mafuta ya breki ya kawaida ndiyo yanayoharibu. Kwa hiyo haitoshi mfasiri kusema "mafuta ya haidroliki". Lazima aitaje aina.

Neno hili lilimpotosha mfasiri tena katika kutambua kasoro. Kitabu kinasema kwamba umajimaji unaoonekana chini ya gari ni shahidi, na kila shahidi ana habari yake. Oili nyeusi ikidondoka kwenye tundu lililo chini ya nyumba ya klachi, huenda inatoka nyuma ya injini. Ikiwa ni nzito yenye harufu kali ya giaboksi, imetoka upande wa pili. Zote mbili zaweza kuilowesha sahani ya msuguano hata ikang'ang'ania au ikateleza. Lakini mafuta mepesi ya breki yakiwa yanachuruzika kwenye silinda ya chini, au yakishuka ndani ya gari penye pedali, shtaka ni la haidroliki, na hakuna haja ya kuishusha giaboksi. Mfasiri ameyakusanya yote haya katika sentensi moja: "Mafuta yakionekana chini, klachi ni mbovu." Fundi akiitii sentensi hiyo atafungua giaboksi kwa siku nzima ili kutafuta kasoro iliyokuwa nje, katika mpira wa bei ndogo.

Wapo wenzetu wanaopendelea kwamba mafuta ya breki yaitwe "kiowevu cha breki", kwa kuwa sayansi imekwisha kulikubali neno "kiowevu" mashuleni. Tumelifikiria, na hatulikubali kwa matumizi haya. Katika somo la fizikia "kiowevu" kina kazi yake. Lakini hakuna duka la vipuri ambamo mtu akiomba kiowevu cha breki atapewa kitu bila kuulizwa maswali. Watu husema "mafuta ya breki", na jina hilo ni sahihi na linatosha, kwa sharti moja tu: lisikatwe. Mfasiri asiandike kamwe "mafuta" peke yake katika kitabu cha ufundi. Aandike petroli, dizeli, oili ya injini, oili ya giaboksi, mafuta ya breki, na grisi, na arudie jina zima kila mara hata kama sikio litachoka.

4. Majina yanayosema sura na yanayosema kazi

Mswada unaliita lile gurudumu zito la injini "gurudumu la kuruka". Hapa mfasiri amelivunja neno la Kiingereza vipande viwili na kukitafsiri kila kipande. Gurudumu hili haliruki. Sifa yake kubwa ni uzito wake, unaoufanya mzunguko wa injini usikwamekwame. Mafundi huliita "flaiwili", nasi hatuoni aibu kulipokea jina hilo baada ya kulieleza mara moja kuwa ni gurudumu zito lililo mwisho wa shafti ya injini. Neno la mkopo lililotwaliwa na watu ni bora kuliko neno la asili lisilotwaliwa na mtu.

Hatusemi kwamba kila chombo kipya lazima kije na jina lake la kigeni. Madereva wa kwanza wa Kiswahili walipokutana na kile kiduara cha kuongozea gari, walikumbuka usukani wa chombo cha baharini na kulihamisha neno likaja nchi kavu. Limekaa vizuri hata leo hakuna anayekumbuka kwamba lilikuwa na maji. Lakini lilikaa kwa sababu kazi ya vitu hivyo viwili ni moja. Jina likihamishwa kwa kufuata kazi, hukaa. Likihamishwa kwa kufuata herufi za kamusi, huanguka.

Jina jingine linalotusumbua ni "silinda mtumwa". Kiingereza huziita silinda hizi mbili kwa majina ya bwana na mtumwa wake, na mfasiri ameyachukua bila kusita. Katika nchi hizi neno "mtumwa" si picha tupu ya kuchezea. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kumbukumbu yake imo katika familia za watu. Lakini hata tukiliweka kando jambo hilo, jina bado ni bovu kwa kipimo cha kazi, kwa maana halimwambii mwanafunzi chochote. Silinda ya kwanza inasukuma, ya pili inapokea msukumo. Basi ya kwanza na iitwe "silinda kuu", na ya pili "silinda pokezi". Mwanafunzi akisikia majina hayo atajua mafuta yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

5. Mpangilio wa uchunguzi ni sehemu ya maana

Wafasiri wengi hudhani kwamba mpangilio wa hatua ni kazi ya mwandishi wa asili, na kwamba wao wana dhamana ya sentensi tu. Mswada huu unaonyesha kuwa sivyo. Kitabu kinakwenda kutoka nje kuingia ndani, kutoka penye gharama ndogo kwenda penye gharama kubwa. Mfasiri, kwa kutaka kufupisha, amezikusanya sababu zote katika orodha moja, akaiondoa mishale ya "kama ndiyo" na "kama siyo". Matokeo yake kutu na tundu la bomba vimewekwa sawa, na fundi hajui aanze na lipi.

Hebu tuurudishe mpangilio kwa ufupi. Kwanza hakikisha kasoro ipo. Injini ikiwa inanguruma polepole, kanyaga pedali hadi mwisho, hesabu hadi kumi, kisha jaribu gia ya kurudi nyuma. Ikilia kwa kusagana, shafti ya giaboksi bado inazungushwa. Imechaguliwa gia ya kurudi nyuma kwa sababu haina kifaa cha kulinganisha mwendo. Mfasiri ameandika "gia yoyote", akasahau kwamba katika Series IIA hata gia ya kwanza na ya pili hazina kifaa hicho, na katika Series III gia zote nne za mbele zinacho. Katika gari la kwanza gia ya kwanza yaweza kulia kwa haraka ya dereva tu. Katika la pili yaweza kunyamaza huku kasoro ipo.

Pili, tazama silinda pokezi mwenzako anapokanyaga. Kama fimbo yake haisogei, au inasogea kidogo na kurudi, kasoro ni ya haidroliki: mafuta ya breki yamepungua, hewa imeingia, mipira imechoka, au bomba la mpira linavimba na kuumeza msukumo. Ukipiga pedali mara kadhaa kwa haraka na klachi ikaanza kufanya kazi, hewa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Tatu, kama fimbo inasogea sawasawa, angalia pini na vishikio vinavyoupeleka msukumo ndani. Vikilika, safari ya mguu huishia njiani.

Nne, na hapo tu, fikiria ya ndani. Sahani yaweza kuwa imepinda, au imefungwa kinyume baada ya matengenezo, au imenasa kwenye meno ya shafti. Bushi ndogo iliyo katikati ya flaiwili yaweza kunasa na kuizungusha shafti ya giaboksi hata sahani zikiwa zimeachana. Na gari la zamani lililolala miezi mingi, hasa katika hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa, laweza kukutwa sahani imegandana na flaiwili kwa kutu. Jaribio lake ni jepesi. Injini ikiwa imezimwa, gia imeingizwa, na pedali imekanyagwa, gari lisukumwe mahali tambarare. Likienda, sahani zimeachana. Likigoma, hazijaachana.

Kuna jambo moja ambalo mfasiri hakulikosea bali kitabu chenyewe kimelinyamazia, nalo linatuhusu. Sura inasema nyumba ya klachi ikifunguliwa vumbi lipulizwe kwa upepo wa pampu. Vitambaa vya msuguano vya magari ya miaka ile mara nyingi vilichanganywa asbesto, na vumbi la asbesto likivutwa huleta maradhi ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Mfasiri wa leo akiitafsiri amri hiyo bila neno la tahadhari atakuwa mwaminifu kwa kitabu na si kwa msomaji. Tanbihi ya mfasiri imeruhusiwa siku zote, na hapa ni wajibu: vumbi lisipulizwe wala kufagiwa likiwa kavu, lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa kibichi kitakachotupwa mahali salama.

6. Pingamizi mbili

Tulipomweleza mfasiri maoni haya, alitujibu kwa adabu hoja mbili zinazostahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba alifuata kamusi, na kwamba mfasiri akiruhusiwa kuiacha kamusi kila aonapo shaka, usanifishaji utavunjika. Tunaiheshimu hoja hii, maana Baraza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 kwa ajili ya kuleta umoja wa namna hiyo. Lakini kamusi inatoa maana ambazo neno laweza kuzibeba. Haitoi amri ya kuchukua ya kwanza. Anayeulizwa na kamusi "achia au achana?" hana budi kwenda kuiuliza dhana, na dhana iko karakanani. Kuuliza si ujinga.

Hoja ya pili ni kwamba fundi mwenye uzoefu angeielewa tafsiri kwa vyovyote, kwa kuwa anaijua kazi. Ni kweli. Lakini fundi mwenye uzoefu hakihitaji kitabu hiki. Kitabu kinaandikwa kwa ajili ya asiyejua, na asiyejua hana kitu kingine cha kushika isipokuwa sentensi. Yule kijana aliyeachia pedali alikuwa msomaji bora kuliko wote waliokuwapo siku ile, kwa sababu ndiye peke yake aliyefanya kama ilivyoandikwa.

7. Mapendekezo

Kwa wafasiri, walimu wa ufundi na watumishi wanaotayarisha miongozo ya magari ya Serikali, tunatoa istilahi zifuatazo zijaribiwe:

Kuinua mguu kutoka kwenye pedali: kuachia pedali.
Kubana pedali kwa mguu: kukanyaga pedali.
Sahani na flaiwili kutokuwa pamoja: kuachana, jina lake, mwachano.
Sahani na flaiwili kuzunguka pamoja: kushikana, jina lake, mshikano.
Sahani kushindwa kubanwa sawasawa: kuteleza.
Sahani kunasa kwenye flaiwili kwa kutu: kugandana.
Gurudumu zito la injini: flaiwili.
Sahani yenye kitambaa: sahani ya msuguano.
Sahani inayobana: sahani ya shinikizo.
Silinda iliyo kwenye pedali: silinda kuu.
Silinda iliyo karibu na giaboksi: silinda pokezi.
Umajimaji wa haidroliki ya klachi: mafuta ya breki, kwa jina zima, pamoja na aina yake.

Pamoja na istilahi hizi tunatoa shauri moja la utaratibu. Tafsiri yoyote ya maelekezo ya kazi isiidhinishwe kabla haijasomewa mtu asiyeijua kazi hiyo, mbele ya mtu anayeijua, na wa kwanza akaitenda hatua kwa hatua. Pale atakapokosea, sentensi ndiyo ihojiwe kwanza.

Mswada tumeurudisha kwa mfasiri. Ameukubali mgawanyo wa "achia" na "achana", amelikataa jina la "silinda pokezi" kwa sababu anaona "silinda ya chini" linaeleweka upesi zaidi, na kuhusu "mwachano" anaomba muda. Sisi pia tunaweza kusubiri. Wasomaji walio karibu na karakana tunawaomba watuandikie wanavyosikia mafundi wa kwao wakisema, hasa pale wanaposema kinyume chetu.